Kitambaa cha Shaba

Mashine ya baba ilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi, na mimi nilikuwa nimeshapindukia thelathini nilipoiharibu. Ilikuwa injini ya petroli ya kizamani, yenye pistoni moja na magurudumu mawili mazito ya chuma ubavuni. Ilikaa katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Shika Adabu, ikivuta mkanda wa kinu cha kusagia. Miaka ile ya themanini umeme ulikuwa umefika Likoni, lakini sisi tulikuwa bado tunauona kwa wenzetu. Wanawake wa mtaani walituletea mahindi, mchele wa vitumbua na makopa ya muhogo, wakakaa juu ya mifuko yao kungoja zamu na kusengenyana. Mashine ikipiga wakanyamaza, kwa sababu hawakuweza kusikizana.

Baba alikuwa amefanya kazi ya ufundi miaka mingi katika karakana moja huko Changamwe. Injini ile ilitupwa nyuma ya karakana, kutu imeila, akaiomba, akapewa. Aliivusha kwa feri juu ya mkokoteni, na wazee wa mtaa walimcheka kuwa ameleta jeneza la chuma. Alikaa nayo miezi hadi ikawaka. Wale wale waliomcheka ndio waliokuwa wa kwanza kutuma wake zao na mahindi.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini petroli haiwaki yote kwa mara moja ikatulipua sote. Hakunifukuza. Alinishika mkono akanipeleka Timbwani, kwa dobi aliyekuwa akimnyooshea kanzu zake. Dobi yule alitia maji mdomoni, akabana midomo, akapuliza juu ya kanzu. Maji yakatoka kama ukungu, yakatua kila mahali sawasawa, kisha pasi ya makaa ikapita.

"Waona?" baba akaniambia. "Angeyamwaga kwa kikombe, pangelowa hapa na pale pangebaki pakavu. Na petroli ni vivyo hivyo. Ikiingia matone matone, haiwaki vizuri. Sharti ichanganyike na hewa iwe kama pumzi ya dobi. Injini hizi za kale, waliozifanya hawakuwa na ujuzi huo. Petroli yadondoka tu ndani ya bomba, hewa yapita juu yake, basi."

"Na wewe waujua?"

"Mimi nnautafuta," akasema.

Niliolewa Junda, huko Kisauni, nikakaa miaka minane. Katika miaka ile baba aliupata huo ujuzi aliokuwa akiutafuta, lakini mimi sikuwapo, na nilipokuja kumtembelea hatukuzungumza habari za injini. Tulizungumza habari za mume wangu, nazo zilitosha. Mwishowe niliachika nikarudi na sanduku moja na hasira zangu zote. Baba hakuuliza kitu. Mama alikuwa ameshafariki. Baba alinikabidhi spana na kunionyesha hendeli ya kuwashia, akasema nikiishika kwa dole gumba juu itanivunja mkono. Kuanzia siku ile nilikuwa mwendesha mashine, na sikuona haya. Niliona raha, hasa pale waume wa watu walipopita wakaniona nimejipaka grisi hadi kwenye viwiko.

Mwezi wa Shaabani mmoja baba alianguka akitawadha. Kiharusi. Alilazwa hospitali ya ng'ambo karibu wiki tatu, na mimi nikawa mtu wa feri asubuhi na jioni, sijui leo wala kesho. Mkono wake wa kulia ulilegea. Uso ulirudi sawa, lakini maneno yalimtoroka. Si yote. Alizungumza vizuri kabisa mpaka afike kwenye jina la kitu, hapo akakwama. Kijiko akakiita ufunguo. Chai aliiita sabuni, tena akakasirika ulipomletea sabuni.

Daktari aliposema atarudi nyumbani, mimi nilipatwa na wazimu wa usafi. Kwanza Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, na kwetu huingii Ramadhani na nyumba chafu. Kabla ya siku ya kuvunja jungu, ile siku ya kula na kushiba kwa mara ya mwisho kabla ya mfungo, kila kitu hutolewa uani kikasuguliwa. Majamvi, vitanda, mitungi, masufuria. Nilipaka chokaa kuta. Kisha nikatazama kibanda cha mashine, nikajiambia kwamba baba hatarudi akute masizi haya. Nikaifungua mashine.

Sikuifungua yote, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilifungua kabureta na lile bomba linaloiunganisha na injini. Nikapangusa, nikapuliza, nikafuta kwa petroli. Ndani ya bomba nikakuta dude jeusi lililojibana, limejaa masizi na mafuta, mfano wa panya aliyekufa. Nikalichokoa kwa bisibisi likaanguka. Nilidhani ni uchafu uliojikusanya miaka na miaka. Nilipolitia majini likaanza kung'aa, nikaona kumbe ni nyuzi nyembamba za shaba zilizosukwa. Nikasema, mwenyewe kwa sauti, "Aa, hili litanifaa kwa masufuria."

Na lilinifaa. Wallahi sijapata kuwa na waya wa kusugulia uliokuwa mzuri kama ule. Jungu la mwaka ule liling'aa hadi majirani wakaniuliza siri. Niliuweka karoni tunapooshea vyombo, kando ya kopo la majivu, na hapo ndipo ulipokaa.

Leo nayaandika haya nikijua ule waya ulikuwa nini. Siku ile sikujua, wala sikuwa na hata dalili ya kujua, na hilo ndilo nimelirudia kichwani miaka yote hii.

Baba aliporudi alitaka jambo moja tu, kuisikia mashine. Tulimkalisha barazani kwenye kiti chake, nikaenda kibandani nikaipiga hendeli. Ilikataa. Nikapiga tena. Ilipowaka ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikatulia kidogo, ikakohoa tena. Nikajiambia imelala muda mrefu, itachangamka. Nilirudi barazani nimejawa na furaha.

Baba alikuwa amekunja uso. "Hiyo si mashine yangu," akasema.

"Ni hiyo hiyo, baba."

"Si hiyo. Umeifanyani?"

"Nimeisafisha tu."

"Umetoa nini?"

"Uchafu. Masizi."

Midomo yake ilikuwa inatafuta neno, na nilimwona anavyolihangaikia. "Kitambaa," akasema mwishowe. "Kitambaa chake ki wapi?"

Nikaenda kuleta kitambaa. Nilileta kile cha kupangusia grisi, akatikisa kichwa. Nikaleta leso. Nikaleta hata taulo. Akanitupia taulo usoni, na mimi nikalia jikoni, kwa sababu nilijua mgonjwa hatukanwi na mimi nilikuwa na tusi limeshafika ulimini.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi mashine inakohoa, baba anapiga kelele kutoka barazani kwamba si yake, mimi najibu kwamba ni yake, naye anauliza kitambaa. Nilichanganyikiwa. Nilianza kuitazama mashine kwa jicho baya, kwani hata mimi niliona haivuti kama zamani. Ilibugia petroli kupita kiasi. Plagi niliikuta imelowa kila nilipoifungua. Unga ukatoka na harufu ya moshi, na wanawake wakaanza kuubeba mchele wao mtaa wa pili. Lakini sikuhusisha hayo na maneno ya baba. Baba alikuwa mgonjwa, na mashine ilikuwa mzee. Kila mmoja nilimhesabia ugonjwa wake.

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, ndiye aliyeleta fundi. Ami ni mtu wa huruma, lakini huruma yake ina haraka. Fundi alikuwa mtu mzima kutoka bara, anakaa Changamwe, mtaratibu wa maneno na anayejua kazi yake. Aliifungua kabureta mbele yetu sote, akapanga vyuma juu ya gunia kimoja kimoja. Baba alisimama na fimbo yake akitazama.

"Mzee, hii iko sawa kabisa," fundi akasema. "Hakuna kitu imepotea. Kila kitu ambayo mzungu aliweka, iko."

"Kitambaa," baba akasema.

Fundi akamtazama ami, ami akatazama chini. "Mzee, injini haina kitambaa."

Na alisema kweli. Mtu aliyeitengeneza injini ile hakuweka kitu pale. Fundi alitafuta kilichopungua katika kazi ya mzungu, hakujua kama kuna kazi nyingine juu yake.

Wakati fundi akinawa mikono, ami alinivuta kando. "Mwanangu, tusidanganyane. Kakangu kitwa kimemtoka. Asikia visivyokuwapo. Leo ni mashine, kesho atasema hii si nyumba yake, atoke atembee, feri imuue. Huyu fundi aitaka hii injini. Ikiondoka mbele ya mato yake, atatulia."

"Itaondoka na roho yake," nikasema.

"Basi yeye mwenyewe aseme. Akikubali kuwa ni yeye aliye mgonjwa na si mashine, tutaitoa. Akikataa sitaitia mkono."

Niliona ni maneno ya haki. Nilikuwa na hakika baba hatakubali kamwe, si baba yangu yule aliyekuwa akigombana na injini hata ikamtii. Lakini nilisahau kwamba sisi sote, tena mimi kuliko wote, tulikuwa tumemwambia kila siku ya Mungu kwamba mashine ni ile ile. Ramadhani ilipofika kumi la mwisho, baba aliacha kupiga kelele. Niliwasha mashine asubuhi moja, ikakohoa, nikangoja sauti yake. Haikuja. Nilikwenda barazani nikamkuta ameuweka mkono wake mzima juu ya sikio.

"Baba?"

"Labda ni masikio," akasema polepole. "Nyote mwasema ni hiyo. Nyote hamwezi kuwa waongo." Kisha akasema, "Mwambie ami yako aje baada ya Idi."

Sijapata kuumia kama siku ile, hata siku ya talaka yangu. Nilimkasirikia. Ndiyo, nilimkasirikia baba kwa kukubali, nikamkasirikia ami, nikaikasirikia mashine, nikarudi kibandani nikaipiga teke nikaumia kidole. Na chini ya hasira zote kulikuwa na kitu nisichokifahamu, kwa sababu masikio yangu mwenyewe yalisikia ikikohoa. Kama baba ni mgonjwa kwa kusikia hivyo, mimi je?

Siku mbili kabla ya Idi nilipeleka kanzu yake kwa dobi Timbwani. Siye yule wa zamani, ni mwanawe, lakini meza ni ile ile na pasi ni za makaa vile vile. Kwa vile alikuwa amefunga hakuweza kutia maji mdomoni. Alikuwa amechukua kopo, amelitoboa vitundu vidogo vidogo kwa msumari, ananyunyizia. Nikasimama nikamtazama kama mtu aliyepigwa na butwaa. Nikakumbuka mkono wa baba ukiwa umenishika, na maneno yake kuhusu pumzi ya dobi. Nikaikumbuka plagi iliyolowa.

"Dada, kanzu itakuwa tayari kesho," dobi akasema, mara ya pili nadhani. Nikaondoka bila kuaga.

Hata hapo sikuwa nimefahamu. Nilijua tu kwamba petroli yetu inaingia matone, na kwamba zamani haikuwa ikiingia hivyo. Kwa nini, ndilo lililonishinda. Nilifika nyumbani kichwa kinaniuma, na kwa kuwa nikiwa na kichwa kinauma siwezi kukaa, nilikwenda karoni kuosha vyombo. Nikasugua sufuria, nikauinua ule waya kuusuuza, nikaumiminia maji kwa kata.

Maji yalipopita ndani yake yalitoka chini yakiwa yamevunjika, mepesi, yakatapakaa miguuni mwangu kama manyunyu.

Nikamimina tena. Nikaukunjua waya. Kazi ya mkono ilikuwa ndani yake, nyuzi za shaba zimefumwa juu chini, juu chini, mithili ya nguo. Kitambaa. Pembeni palikuwa na alama ya duara, pale ulipokuwa umebanwa miaka yote na mdomo wa bomba. Nikaketi pale pale kwenye maji machafu. Baba alikuwa amelipata neno, tena neno zuri la kutosha, sisi ndio tuliokuwa tukimletea taulo.

Nilikuwa nimekisugulia sufuria kwa zaidi ya mwezi mmoja, hatua chache kutoka barazani kwake. Nilikuwa nimekipinda na kukikaza. Nilikinyoosha kwa vidole, nikakichemsha kuondoa mafuta ya chakula, nikakirudisha ndani ya bomba, kikaingia kana kwamba hakijawahi kutoka. Sikuiwasha mashine siku ile. Niliogopa. Niliogopa isiwake, na niliogopa zaidi iwake.

Ami na fundi walikuja siku ya tatu ya Idi, na mkokoteni. Baba alikuwa amevaa kanzu yake iliyonyooshwa, amekaa kwenye kiti chake, hamtazami mtu. Ami akaamkia, akauliza hali, akasema maneno ya Idi, kisha akasema, "Kaka, mimi nakusikiza wewe. Sema neno lako."

"Ngoja kwanza," nikasema mimi.

Nikaenda kibandani. Nikakumbuka dole gumba, nikaipiga hendeli mara moja. Ikawaka. Haikukohoa. Ilipiga kwa mpigo wake wa zamani, mzito, uliopangika, na moshi ulitoka mwepesi hata usiuone. Fundi aliiinamia akiwa ameweka mkono nyuma ya sikio. Nikageuka, nikamwona baba amesimama mlangoni na fimbo yake. Sijui alifikaje haraka vile.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu kabla ya Idi. Ningesema mbele ya wote: mimi ndiye niliyetoa, baba hakuwa mgonjwa wa masikio wala wa akili, ni mimi mjinga. Nikafungua mdomo. Yeye akauinua mkono wake mzima kuninyamazisha. Akasikiza. Kisha akamgeukia ndugu yake, na neno likamtoka zima, bila kutafutwa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nimepona."

Ami akaanza kulia pale pale, akamkumbatia, akasema Ramadhani ni mwezi wa miujiza. Fundi alimpa baba mkono wa heri, akanitazama mimi kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaukokota mkokoteni wake mtupu. Mimi nilibaki na maneno yangu mdomoni, sijui niyateme au niyameze. Nikisema, nitamnyang'anya furaha hii na kumwachia badala yake mwezi mzima wa kudhulumiwa na mwanawe. Nisiposema, basi atakufa akiamini kwamba aliwahi kurukwa na akili. Niliyageuza hivi na hivi siku nzima, sikupata pa kuyaweka.

Ijumaa iliyofuata baba alisomesha dua ya shukrani. Pilau ikapikwa katika sufuria kubwa, mtaa mzima ukala, na kila aliyemaliza kula akaja kumpa baba mkono kwa kupona masikio. Niliwatilia chakula nimeinamisha uso. Walipoondoka nilichukua sufuria nikaenda nayo karoni. Ukoko ulikuwa umegandamana. Nikachukua makumbi ya nazi na mchanga, nikaanza kusugua.

Nikasikia fimbo yake. Alisimama nyuma yangu, akatazama mikono yangu, akatazama lile kopo la majivu na pale kando yake palipokuwa patupu.

"Leo wasugulia makumbi?" akaniuliza.

Sikugeuka. "Naam, baba," nikasema.

"Makumbi mazuri," akasema. "Hayana kazi nyingine."

Akaenda zake kibandani, fimbo ikigonga polepole. Mimi niliendelea kusugua sufuria ile ile mpaka adhana ya alasiri, na machozi yananitoka hata siuoni ukoko.